Siku Niliyomkimbiza Baba Mkwe Asiye Wangu

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Ibighi, maana huko limeshatiwa chumvi mpaka mimi mwenyewe nikisimuliwa nashangaa. Ndiyo, ni mimi. Mimi Zuhura, mtoto wa Tanga niliyefundwa adabu na bibi yangu mzaa mama, ndiye niliyemkimbiza mzee wa watu nyumbani kwake mwenyewe, mvua inanyesha, goti lake bovu, akaenda kusimama kwenye migomba kama mwizi wa kuku. Chekeni tu. Siku hizi na mimi nacheka, lakini siku ile, wallahi, nilitamani nigeuke moshi nipite juu ya paa la jiko nipotee.

Balaa lilianzia mji mkuu. Tulipopangiwa fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, wenzangu wote wa chumba kimoja walipata Dodoma, mimi nikapata Tukuyu, na kila Jumamosi wao kazi yao kuzurura mji mpya na kutuma picha kwenye grupu: leo wako mbele ya Bunge, leo wako kwenye barabara pana, leo wanakula kuku sehemu yenye viti vya kuzunguka, na chini wameandika "maisha ya makao makuu". Halafu wananiuliza, "Zuhura, vipi huko, kuna nini?" Roho ikaniuma. Nikawajibu kwamba Tukuyu nayo ni makao makuu, ya wilaya ya Rungwe nzima, kwa hiyo na mimi niko makao makuu, na kuanzia Jumamosi ijayo wakae mkao wa kula. (Hapo nilikuwa sijui njia yoyote zaidi ya ile ya kwenda ofisini na kurudi, tena nikiwa nimevaa sweta juu ya sweta, maana baridi ya Tukuyu haina mzaha na mtu wa pwani.)

Nilikuwa nimepanga chumba Ibighi kwa Mama Shamimu, mama mmoja muuza vitenge, mkarimu ajabu, ila hakuna jambo linalotokea wilayani lisifike kibarazani kwake. Yeye ndiye aliyenipa dereva wa bodaboda wa kuaminika, kijana anaitwa Lusajo, mtu wa Lufingo, mpole, anaendesha taratibu. Tukawa na utaratibu wetu. Wiki nzima nachapa kazi ofisini, yaani nabeba mafaili na kutumwa maandazi, na Jumamosi nampigia Lusajo, ananipeleka mahali. Nikaliona soko, nikayaona mashamba ya chai, nikapanda Isongole kwenye viazi, ukungu umeshuka mpaka sioni mikono yangu mwenyewe, nikapiga picha ya ukungu huo na kuandika "maisha ya makao makuu". Grupu lilinyamaza siku hiyo. Nilifurahi kweli, na niseme ukweli, nilianza kuupenda huo mji wangu mkuu wa migomba na matope.

Sasa Lusajo akiwa njiani hana hadithi nyingine, ni Tusekile tu. Tusekile binti wa Isongole, Tusekile anavyocheka, Tusekile atakavyopaka rangi chumba. Nilimjua Tusekile kabla sijamwona. Shida ilikuwa baba yake Lusajo. Mzee alikuwa amemtazamia binti wa jirani pale pale Lufingo, na habari ya Isongole hakusema ndiyo wala hapana, kila akiulizwa anaomba chumvi. Na kwao Tusekile walishachoka kungoja. Walisema mwezi ukiisha bila washenga kutokea, binti anakwenda Mbeya mjini kwa shangazi yake kufanya kazi saluni, na mtu akishashuka Mbeya kurudi ni majaliwa. Lusajo alikuwa hali, halali. Mwezi wenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni.

Basi Jumamosi hiyo nikasema leo twende kwenu Lufingo, juu kabisa kilimani, nikapige picha ya mabonde. Mama Shamimu akatazama mbingu akaniambia chukua mwavuli. Sikuchukua, kwa sababu mwavuli ungeharibu picha. Tukapanda. Kabla hatujafika juu mvua ikashuka, na mvua ya kule haianzi kwa manyunyu, inamwagwa. Pikipiki ikateleza, cheni ikakatika, mimi nikaketi kwenye matope kama niliyekaribishwa kiti. Lusajo akaniinua kwa aibu, akasema nyumbani kwao ni hapo hapo chini, nikajikaushe jikoni wakati yeye anatafuta cheni kwa fundi. Akanipeleka mpaka mlangoni, akapaza sauti, "Mama, kuna mgeni, mpe moto!" kisha akageuza na pikipiki yake anaisukuma. Hakusema mgeni gani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na ndoo.

Jiko la kuni, moto umewaka vizuri, nimejikunja pembeni meno yananigongana. Mama Lusajo akaingia, akaniona, akasimama. Akaweka ndoo chini. Akanitazama kuanzia matopeni mpaka kichwani, akatabasamu uso mzima, akasema, "Kumbe ndiye huyu! Lusajo amechoka kungoja, amemleta mwenyewe!"

Nilielewa. Tusidanganyane, nilielewa pale pale. Na nilikuwa nimefungua mdomo niseme hapana mama, mimi ni abiria tu, lakini kabla neno halijatoka akanitia mkononi kikombe cha chai ya maziwa, ya moto, nzito, na sahani ya ndizi za kuchemsha zinatoa moshi. Jamani. Mmewahi kupigwa na baridi ikaingia hadi kwenye kucha? Nikajiambia, ninywe kwanza, Lusajo akirudi atamwelewesha mama yake, mambo yataisha. Nikatabasamu. Ndiyo kosa lenyewe, hakuna jingine kubwa zaidi ya hilo, tabasamu la mtu mwenye njaa.

Mama akatoka, akarudi na kitenge kipya, bado kina karatasi ya dukani, akasema alikinunua siku nyingi akakiweka sandukuni kwa ajili ya mkamwana wake. Nikavuliwa gauni la matope, nikafungwa kitenge. (Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa natafuna.) Halafu akatoka mlangoni, akapiga kigelegele kimoja kirefu kuelekea bondeni, na kule chini kigelegele kikajibu, na kingine mbali zaidi, na mimi nikahisi ndizi imenikwama.

Wakaja majirani, wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani, wanacheka, wananishika mashavu. Akaja pia shangazi yake Lusajo, dada wa mzee, mama mnene mwenye sauti, akajipa kazi ya kunikagua. Akaniuliza, "Isongole wazima?" Nikajibu, "Wazima." Sijui ulimi wangu ulikuwa wa nani. "Viazi vipi mwaka huu?" Nikasema vimestawi ila ukungu umezidi, kwa sababu ndicho nilichokiona Jumamosi iliyotangulia, na shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika akawaambia wenzake, "Ni mkulima huyu, mnamsikia?" Mkulima! Mimi ambaye kwetu mchicha tunanunua! Jirani mmoja akatoka kando na simu yake, ana dada yake ameolewa Isongole, na mimi nikaona anapiga, nikajua nimekwisha, lakini hata hapo nikaendelea kutabasamu maana sasa nilikuwa sina sura nyingine ya kuvaa.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa nje.

Wanawake wote wakashtuka. Shangazi akaniambia kitu haraka haraka, kwa Kinyakyusa, huku anavuta kitenge anataka kunifunika kichwa. Mimi nikaelewa kwa akili yangu ya Tanga: baba mwenye nyumba amefika, jiweke sawa ukamwamkie. Na kwetu, mke wa mtoto anapoingia kwenye nyumba, mtu wa kwanza kumwendea kwa heshima ni baba mkwe, unainama, unaushika mkono wake kwa mikono miwili, unaubusu. Bibi yangu alinifundisha hivyo tangu sijaota meno ya pili. Nikasema nimewadanganya yote, basi angalau adabu nisiwadanganye. Nikajichomoa mikononi mwa shangazi, nikatoka mbio mpaka mlangoni, nikamkuta mzee mrefu, gambuti, koti la mvua, jembe begani. Nikainama. Nikaushika mkono. Nikaubusu. Nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa, "Shikamoo, baba mkwe!"

Jembe lilianguka. Mzee akauvuta mkono wake kama ameguswa na kaa la moto, akageuka, na goti lake lile akakimbia. Alikimbia jamani! Akaingia kwenye migomba, kofia ikabaki imening'inia kwenye jani. Nikageuka nikamkuta shangazi amekaa chini sakafuni, miguu mbele, mikono kichwani.

Mama Lusajo ndiye aliyenieleza kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawazungumzi, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, wakipishana njiani mkamwana anajifunika na kuchepuka pembeni mpaka mzee apite. Siku hizi vijana wa mjini wamelegeza, akasema, lakini katika nyumba hii bado, na binti wa Isongole anajua hilo kama anavyojua jina lake. Na mimi (msisahau hili) nilikuwa nasomea maendeleo ya jamii. Somo la kwanza kabisa, tena tulifanyia mtihani, lilikuwa kuzijua mila za watu kabla hujafungua mdomo.

Mzee akapaza sauti kutoka migombani, "Mwambieni Lusajo, Isongole hatuendi! Kama ndiyo adabu wanayowafundisha mabinti zao, hatuendi! Nimesema!" Halafu akakohoa, kikohozi cha kifuani.

Hapo ndipo kicheko changu cha ndani kilipokauka. Mpaka dakika ile nilidhani aibu ni yangu peke yangu. Nikamfikiria Tusekile, huko kwao hana habari, anangoja jibu la mzee, na jibu limeshatoka, na limetoka kwa sababu yangu. Nikamfikiria Lusajo na chumba chake cha kupakwa rangi. Na mzee mwenyewe hawezi kuingia jikoni kwake kwa sababu mimi nimo, na mimi siwezi kutoka kwa sababu njia ya kutokea inapita pale pale aliposimama. Mvua inazidi. Nilijisikia vibaya, siwafichi.

Nikasogea mlangoni. Shangazi akanishika kitenge kwa nyuma, "Keti chini, utamuua!" Nikapiga kelele kuelekea migombani, "Baba! Mimi siye mkamwana! Mimi siye Tusekile! Mimi ni mwanafunzi wa fildi, naitwa Zuhura, kwetu Tanga, nimepanda pikipiki ya Lusajo nikaanguka kwenye matope!"

Mvua tu juu ya majani. Kisha sauti ikauliza, "Mwanafunzi wa nini?"

"Wa maendeleo ya jamii!"

Mzee akakohoa migombani. "Ndiyo maendeleo gani haya?"

Jirani mmoja akaguna, akaziba mdomo kwa kanga. Lakini Mama Lusajo hakucheka. Aliniangalia mimi, akakiangalia kile kitenge, akaniuliza polepole, "Sasa mwanangu, mbona ulinyamaza?" Nikamwambia ukweli. "Chai ilikuwa ya moto, mama." Akageukia moto wake, akaanza kusukuma kuni ambazo zilikuwa hazina tatizo. Kuliko yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniuma.

Mzee naye hakuamini. Alisema anajua ujanja wa wanawake, kwamba wameona wamekosea sasa wananiita mwanafunzi ili yaishe. Shangazi, mtu wa ajabu yule, akaanza kunitetea na kunilaumu kwa pamoja. Katikati ya kelele hizo Lusajo akafika, amelowa, cheni mpya shingoni, na simu yake ya kitochi anaishikilia mbali na sikio kwa sababu ndani yake mwanamke alikuwa anapiga kelele. Mnakumbuka yule jirani aliyepiga simu Isongole kupongeza? Habari ilifika. Mama yake Tusekile aliambiwa hongera, binti yako amepokelewa vizuri Lufingo, amekula, ameshavalishwa kitenge. Na wakati huo binti mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake anamenya viazi.

Lusajo hakuelewa kitu. Alinitazama na kitenge, akamtazama mama yake, akaikuta kofia ya baba yake kwenye jani la mgomba, akataka kulia. Nikamnyang'anya simu. Ilikuwa imewekwa sauti ya nje, kila mtu anasikia. "Nani anaolewa badala yangu hapo?" Tusekile anauliza. "Nataka nimsikie!"

"Ni mimi, dada," nikasema. "Zuhura, yule abiria wa Jumamosi. Dada, mtu wako simtaki, wallahi. Nilitaka chai."

Nilisikia kisu cha viazi kikiwekwa mezani. Halafu, taratibu, "Umekula na ndizi?"

"Nimekula."

"Za nani hizo?"

"Zako, dada."

Wale majirani hawakuweza tena, walipasuka. Hata Mama Lusajo nikaona mabega yanamtikisika pale motoni, na Tusekile mwenyewe huko aliko akaanza kucheka kile kicheko ambacho Lusajo alikuwa ananisimulia kila Jumamosi, na kweli ni kizuri, alikuwa haongezi chumvi. Mzee aliposikia majirani wanacheka, na Lusajo mwenyewe amefika wala hasemi mimi ni mkamwana, akaridhika kwamba hakudanganywa. Akatoka migombani, maji yanamtiririka, akaokota kofia, akaingia jikoni kwa heshima zote, akanyoosha mikono yake motoni. Wote tukampisha. Mimi nimeinamisha kichwa nangoja nigombezwe.

Na Tusekile, asiyejua nani ameingia, akaita kwenye simu, "Mama! Mama mkwe, upo hapo? Shikamoo!"

Mzee akaruka. Alikuwa ameketi tu, mikono imeanza kupata joto, lakini aliposikia sauti ile akanyanyuka, akajifunika uso kwa kofia, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akatoka tena kwenye mvua. Hakuna aliyemfukuza. Alijitoa mwenyewe, akarudi migombani pale pale pa mwanzo.

Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Akainua mkono juu, polepole, kama mtu anayeogopa kutisha ndege, akasema, "Jamani. Kamkimbia." Halafu kwa sauti ya kuamsha bonde, "Kamkimbia mwenyewe! Mtu hamkimbii asiye mkamwana wake!" Na kigelegele alichopiga, mimi bado nakisikia. Lusajo akakaa chini kwenye matope yake, akafunika uso, mabega yanaruka. Mama yake akatoka mpaka mlangoni akauliza migomba, "Baba Lusajo, basi twende Isongole?" Sauti ikajibu kwa hasira, "Si mnaona nilipo? Zimeni hiyo simu nakufa baridi!"

Washenga walikwenda Isongole kabla mwezi haujaisha. Mimi nilikifua kile kitenge, nikakipiga pasi, nikakirudisha kwa mikono miwili, nikamwomba Mama Lusajo radhi vizuri, bila kisingizio cha chai, naye akanishika shavu akaniambia, "Ndaga, mwanangu." Ahsante. Jioni ile ile ya mkasa nilipofika Ibighi, kabla sijavua viatu, Mama Shamimu akanipokea mlangoni na hongera ya ndoa, na ilinichukua juma zima kuirudisha hongera hiyo kwa kila mteja wake.

Harusi nilialikwa, na nilikwenda. Nikakaa kwa wanawake, kimya, nimejifunza. Mara naona mzee ananiita kwa mkono kutoka kwenye benchi lake, suti imembana, kofia ile ile. "Njoo ukae hapa, wewe na mimi hatuna shida." Akaninyooshea mkono wake nimwamkie kama kwetu, nikaubusu mbele ya watu wote, na safari hii hakukimbia. Tukala sahani moja. Bwana harusi na bibi harusi walipokuwa wanapita, Tusekile amejifunika kile kitenge, akachepuka kwa mbali ampishe mzee, na mzee akageuza uso upande wangu, anaangalia juu kana kwamba ameona mvua. Tusekile alinichungulia kwenye pindo, akaigiza kwa kidole mtu anayekunywa chai. Nikatamani kulia na kucheka.

Picha ya siku ile ya kwanza ninayo, niliipiga wakati nangoja gauni likauke: migomba, mvua, na katikati ya majani kipande cha koti la mvua. Niliituma kwenye grupu, "maisha ya makao makuu". Wa Dodoma waliuliza huyo ni nani. Niliwajibu ni hadithi ndefu. Na tangu hapo, popote ninapokaribishwa, kabla sijapokea kikombe nasema kwanza jina langu, kwetu, nimeletwa na nani, na kwamba mimi si mkamwana wa mtu. Wenyeji wengine hunitazama vibaya, na chai hupoa kidogo. Mimi nainywa hivyo hivyo.